Pistoni Yangu Mpya Inanukia Udi

Jamani, mkwe hamfokei mama mkwe. Leo nimemeza maneno mpaka nikashiba.

Asubuhi niliacha mezani pistoni mpya ya pikipiki, ile yenye nundu kichwani, inayobana petroli na hewa mpaka viwake kwa hasira. Nikaenda kuoga.

Narudi, sebule nzima inanukia. Mama mkwe, aliyefika jana kutoka Kondoa, ameigeuza pistoni juu chini, kaijaza makaa na udi.

"Shikamoo mama. Hiyo, moto wake huwa upande wa pili."

"Marahaba baba. Upande huo una nundu, makaa yanamwagika."

Nikasema asante.

Sasa niko eneo la Zuzu kwa fundi wa pikipiki. Ameinusa, akaniangalia, akauliza harusi ni ya nani.

Nyie mngemjibuje?