Cherehani Iliyogomea Mfumo Mpya

Saa tatu asubuhi, Skrubu amepiga magoti chini ya meza yake ya kazi, anachomeka waya wa cherehani ya kutarizi kwenye kompyuta kwa mara ya sita. Anainuka, anatazama kioo. Kompyuta inasema haikitambui kifaa hicho.

"Bado?" anauliza mshonaji, mwenye mali.

"Bado, dada. Nipe muda kidogo."

Muda wenyewe haupo. Nembo mia mbili za sare za shule zinatakiwa kesho asubuhi, na mwalimu mkuu ameshamwambia mshonaji kwamba akichelewa, kazi anapewa mwingine. Kinachouma ni kwamba cherehani ilikuwa ikichapa kazi vizuri hadi juzi, Skrubu alipoigusa kompyuta inayoiongoza.

Skrubu, mama wa binti mmoja, ana miaka tisa katika ufundi wa kompyuta. Jina alipewa na wateja kwa tabia ya kubana skrubu midomoni akiwa kazini. Mama yake mzazi, anayeuza vocha za simu mlangoni pa kibanda hicho hicho, haipendi tabia hiyo hata kidogo.

"Siku akizimeza, tutamfungua yeye kwa bisibisi," anasema.

Kazi kubwa ya Skrubu ni kuweka mifumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuongoza vifaa vyake. Mwezi mzuri hupata kompyuta ishirini, zikatosha kodi ya kibanda na ada ya binti.

Kompyuta ya mshonaji ililetwa ikiwa nzito, ikichukua dakika kumi kuwaka. Skrubu akaufuta mfumo wa zamani, akaweka mpya. Akajaribu sauti, kipanya na intaneti, vyote vikaitika. Cherehani hakuijaribu, maana ilikuwa imebaki nyumbani kwa mwenyewe.

"Nilijifanya mjuaji," anakiri. "Nikaona mpya ndiyo dawa. Sikumuuliza hata hii kompyuta inafanya kazi na nani."

Leo mshonaji amekuja na cherehani yenyewe, pamoja na diski iliyonunuliwa nayo miaka kumi na minne iliyopita. Skrubu anasoma maandishi yake madogo na jibu linapatikana. Draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na cherehani, ilitengenezwa kwa mifumo ya kizamani, ya biti thelathini na mbili. Aliouweka yeye ni wa kisasa, wa biti sitini na nne, na hauikubali. Draiva mpya haipo, kwa kuwa kiwanda kilishafungwa.

"Dada, kosa ni langu. Cherehani yako ni nzima kabisa. Pole sana."

"Pole yako nitaishona kwenye sare?"

Skrubu anageukia kompyuta. Anahamishia michoro ya nembo kwenye flashi, anaufuta mfumo mpya na kurudisha toleo la zamani la biti thelathini na mbili. Kisha anazima intaneti na kumwonya mshonaji asiiwashe, kwa sababu mfumo huo haupati tena kinga dhidi ya virusi.

Saa sita kasoro, anachomeka waya. Sindano inashuka, inapanda, na ukingo wa nembo unaanza kuonekana kwenye kitambaa. Mshonaji anakaa chini, machozi yanamtoka huku akicheka.

Skrubu anafurahi, lakini si sana. Ameshika simu, anahesabu wateja wenye kompyuta za zamani aliowawekea mfumo ule mpya mwaka huu. Ni kumi na mmoja, na hakuna aliyerudi kulalamika.

"Nilikuwa najisifu kwamba hawarudi kwa sababu kazi yangu safi," anasema. "Jumatatu nafunga kibanda, nawapitia wote, nijaribu kila kifaa walicho nacho. Bure."

Ataanza na mpiga picha mmoja mzee, aliye kati ya hao kumi na mmoja. Mwezi uliopita walikutana njiani, mzee akamwambia printa yake ya picha imekufa ghafla, ameiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Na mimi," anasema Skrubu, "nikampa pole, nikapita zangu."