Chale za Bibi Brigita

Bibi Brigita wa Mtanda ana chale za Kimakonde usoni, alizochanjwa akiwa mwali. Antonia, muuguzi kijana wa kliniki ya macho, alikuwa akizikodolea macho tangu bibi alipoingia.

Bibi akaegemeza kidevu kwenye mashine. Mwanga wa leza ukapita jichoni polepole, mwekundu kama jua la ndotoni, naye akajihisi anaelea.

Kisha Antonia akamwonyesha picha ya ndani ya jicho. Mistari myekundu ilitawanyika kama matawi.

"Chale zangu zimefika hadi huku?"

"Hiyo ni mishipa ya damu, bibi. Kila mtu anayo, hata mimi."

Bibi akautazama uso laini wa binti yule.

"Kumbe na wewe ulichanjwa, mjukuu wangu. Basi acha kunishangaa."