Makopo Sita Mpaka Mangapwani

Barua ya Greta ndiyo iliyonitoa nyumbani Mpendae. Greta alikuwa muuguzi wa Kijerumani niliyefanya naye kazi hospitali ya mjini. Alikwisharudi kwao, lakini hakumsahau Zuhura, kichanga aliyefiwa na mama mikononi mwetu. Alituma makopo sita ya maziwa ya unga, nimkabidhi bibi wa mtoto mwenyewe, yasipitie kwa mtu mwingine. Tena nimwombe ruhusa: Greta na mumewe wamchukue Zuhura wakamlee Ulaya. Mimi niliona mtoto kaangukiwa na bahati.

Alkhamisi asubuhi nilipanda gari la shamba, makopo yakigongana kapuni, Khamis wangu wa miezi minane kifuani. Kila abiria aliuliza nauza nini. Kufika Bububu nilishachoka, nikajibu nauza watoto. Gari zima likacheka.

Adhuhuri nilifika Mangapwani. Bi Mize, bibi yake Zuhura, alikuwa akimkorogea mjukuu uji mwepesi wa muhogo. Hakuwa na kingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ana njaa, na wewe maziwa unayo."

Nikainua kopo.

"Siyo hayo! Hayo ya kifuani."

Nikamnyonyesha mpaka akashiba. Bi Mize akaokota kokoto, akaiweka kizingitini.

Gari la kurudi lilipita limejaa, nikalala hapo. Kila Zuhura akinyonya, Bi Mize anaongeza kokoto. Nilidhani ni uzee tu.

Ijumaa, baada ya sala, nilijikaza nikatoa ombi la Greta. Bi Mize alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha kizingiti.

"Hesabu."

Zilikuwa tano. Ndipo nikazielewa zile kokoto. Kwetu, kwa sheria ya dini, mtoto uliyemnyonyesha mara tano akashiba ni wako.

"Haya, nnakuuliza wewe mamaake: utampeleka Ulaya?"

Nilimtazama Zuhura. Nilimkumbatia nikalia.

"Na Khamis ashakosa mchumba," bibi akacheka. "Huyu nduguye sasa. Makopo niachie. Yakisha, lete mengine."

Jioni nilirudi mjini na kapu tupu. Nilimwandikia Greta ukweli wote: Zuhura ana bibi, na sasa ana mama, kilichopungua ni maziwa. Niliogopa angekasirika. Yalikuja makopo kumi na mawili, na swali moja: ameshaota jino?

Nilikuwa nimekwenda nikidhani umaskini wa Bi Mize ni kukosa watu wa kumpenda mtoto. Nilikosea vibaya, na sijapata kufurahia kosa namna hii.

Mwezi uliofuata nilipanda gari lilelile, kapu limejaa.

"Leo unauza nini?" dereva akauliza.

"Siuzi," nikamwambia. "Nnampelekea mwanangu."