Taulo Jekundu na Mikono Minne ya Bafta

Siku niliyopewa barua ya kwenda kwenye kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Igunga, mama alifungua sanduku lake la bati akatoa taulo. Lilikuwa jekundu na nene, la aina ambayo ukiliweka shavuni hutaki kulitoa. Mjomba alimletea kutoka Dar es Salaam, naye hakuwahi kulitumia hata mara moja. Alisema mkunga wa serikali hawezi kujifuta kwa khanga mbele za watu kama mtu aliyetoka kisimani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza mafunzo juzi tu, na kusema kweli nililitamani taulo lile kabla hajalitoa.

Tulikaa Ng'ambo, mjini Tabora. Chumba cha uani aliishi babu, baba yake mama. Ujanani alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya watu kichwani kutoka Tabora hadi pwani, kabla ya reli. Vidole vya miguu vilikuwa vimepinda, na ulimi wake haukuwa na breki. Alinitania kama babu wa Kinyamwezi anavyomtania mjukuu wake wa kike.

"Mke wangu," aliniuliza alipoona begi langu limevimba, "unasafiri au unahama?"

"Nasafiri, babu. Tumeambiwa kila mtu begi moja tu kwenye lori, na tutalala chini ya turubai mpaka nyumba zijengwe."

"Sasa hilo blanketi la nini?"

Nikamwambia ni taulo. Alicheka mpaka akakohoa. Akaingia chumbani kwake, akatoka na kipande cha bafta nyeupe, mikono minne hivi, kilichokunjwa kikaenea kiganjani. Kabla mama hajawahi kumzuia, akavitumbukiza vyote viwili kwenye ndoo ya maji, taulo na bafta, akavikamua na kuvianika kwenye kamba ya uani. Tulikunywa chai. Hatujamaliza, bafta ilikuwa inapepea. Taulo lilikuwa bado linadondosha maji alasiri, na kamba imelegea katikati.

"Libebe hilo," alisema, "uone kama si mtungi. Hii ya kwangu unajifutia, unajifunika, unachujia maji, unafungia unga. Unaitupa begani, ukifika kambini imekauka. Na mwenzetu akifa njiani, tulimzika nayo."

Hapo ndipo alipoharibu. Sisi ni Waislamu wa mjini, na kwetu bafta nyeupe ni sanda. Mama aliichomoa kwenye kamba kana kwamba inaungua.

"Baba! Mtoto ndiyo kwanza anaanza kazi, wewe unampakilia sanda?"

"Nguo ni nguo," babu alisema, akaichukua bafta yake, akarudi chumbani kwake amenuna.

Mama akanitazama mimi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kipi kimekauka na kipi hakikukauka, na darasani tulikuwa tumefundishwa wazi kuwa mtoto akizaliwa afutwe na afunikwe nguo kavu. Nikachagua taulo. Kwa miaka mingi nilisema niliogopa sanda. Si kweli, au si kweli yote. Nilitaka wanawake wa kijijini waone taulo langu jekundu. Ili lienee kwenye begi nilitoa doti moja ya khanga na sweta.

Lori lilichelewa, tukaondoka mvua zimeshaanza. Kambi iliwekwa kwenye mbuga ya udongo mweusi, ule unaoshika kiatu mpaka unakiacha. Watu walikuwa wameletwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani, nyumba zao zimeezuliwa nyuma yao, na walichokuta ni vigingi ardhini na turubai chache zinazovuja. Wakubwa walioandika mipango ile walikuwa wamekaa pakavu. Nina hasira nao mpaka leo, lakini hawakunipakilia begi.

Taulo nilioga nalo siku ya kwanza, halikukauka tena. Nililianika juu ya turubai, chini ya turubai, kwenye mti wa mgunga. Likaanza kunuka. Siku ya nne maji yalituingilia, tukaambiwa tuhamie upande wa juu haraka. Nililikunja likiwa chepechepe, nikalisindilia begini juu ya khanga zangu na shuka. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa na haraka na nilikuwa nimechoka.

Mchana huohuo mwanamke mmoja akashikwa na uchungu. Mimba yake ilikuwa haijatimia, lakini walipoletwa alikuwa ametikiswa na lori siku nzima juu ya magunia ya mtama. Alikuwa na mume wake na mama mkwe wake, mwanamke mfupi asiyesema sana. Sanduku langu la kazi lilikuwa na mkasi, uzi, dawa ya jeraha na pamba kidogo. Pamba yote iliishia kwenye damu ya mzazi.

Mtoto alitoka, wa kike, mdogo kuliko mkono wangu toka kiwiko. Alilia. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda kunifariji kwamba hakuwa wa kupona. Alilia, na alilia vizuri.

"Mayu," mama mkwe aliniita, yaani mama, ingawa nilikuwa mdogo kwake kwa miaka arobaini. "Tupe nguo kavu."

Nikafungua begi. Taulo lilikuwa juu, na maji yake yalikuwa yameshuka hadi chini. Khanga zote, shuka, hata barua yangu ya kazi, vyote vimelowa. Nilivitoa kimoja kimoja, nikivikamua mbele yao kama mwendawazimu. Nguo zao wenyewe zilikuwa za kukamua vilevile. Tulimfuta kwa viganja, tukamweka kifuani kwa mama yake aliyekuwa anatetemeka, baba akajikunja juu yao. Kuni zilitoa moshi tu. Jua halijazama, kilio kikapungua, kikawa kama cha paka, kikakoma.

Hakuna aliyenilaumu. Mama mkwe alisema baridi ya mbuga imemchukua. Nilitamani anipige.

Kesho yake jua likawaka, jua la kuchoma. Kufikia adhuhuri taulo lilikuwa limekauka juu ya mgunga, limevimba tena kama siku mama alipolitoa sandukuni. Baba wa mtoto akaja, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, dada nesi," alisema, mtu mzima kunizidi, naye alikuwa ananiamkia mimi. "Hatuna cha kumvika. Huna hata kipande cheupe?"

Sikuwa na kipande cheupe. Nikalitoa taulo mtini. Lilimzunguka mtoto mara nyingi mpaka uso wake ukapotea ndani, na baba akambeba mwenyewe kifuani hadi kaburini.

Niliporudi nyumbani kwa likizo fupi, mama alilikumbuka taulo kabla hata sijavua viatu. Nikamwambia nimempa mama mmoja aliyejifungua kambini.

Uso wake ukang'aa. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Litamkinga mtoto na baridi."

Nikainama kuvua viatu. Babu alikuwa amekaa kizingitini, akanitazama. Hakuniita mke wake siku hiyo. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na ile bafta, akaiweka ndani ya begi langu mbele ya mama.