Miaka mitano bila kuhama

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya Walikale, benchi la pili, nyuma ya mzungu mwenye mvi anayechunguza magonjwa ya muhogo. Alikuwa anaomba kibali cha kuishi nchini kwa kudumu. Karani alilamba kidole, akafunua dosie yake ya maombi ukurasa kwa ukurasa, kisha akaifunga.

"Papa Profesa, sheria inaomba miaka tano fasi moja, bila kuhama. Weye ulitoka Masisi mwaka jana."

"Chef, vita ilikuya," mzungu akajibu kwa Kiswahili cha kwetu. "Tulikimbia na weye mu kamiyo moja. Hii sanduku ya mihuri, miye njo niliipakata njia yote!"

Karani hakutikisika. Alilaza kiganja juu ya sanduku lile lile lililopanda lori.

"Miye nilikuwa mu misio, kazi ya serikali. Weye njo ulihama."

Mama mmoja mlimaji wa maharagi, aliyekimbia milima hiyo hiyo ya Masisi, alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Basi na miye siko mukaaji? Nilizaliwa kule!"

"Mama, ngoja zamu yako."

Muhuri haukupigwa. Mzungu aliambiwa aanze kuhesabu upya.

Nami nilihesabu, palepale kwenye benchi. Kwa sheria hiyo, mkaaji wa kudumu wa Masisi ni mlima peke yake. Na hata huo, pale kwenye machimbo ya koltani ya Rubaya, tunauhamisha kila siku mgongoni, mfuko kwa mfuko.