Nilivyomwonea Mnubi wivu wa babu kwa hoteli ya Wataliano

Hakuna kitu kwa hii Nairobi kinaweza kunishangaza tena. Hivyo ndivyo nilikuwa nasema mpaka Jumapili ile.

Niaje wakuu. Hapa siongezi chumvi, hata pale penye inaniuma nitaacha vile ilikuwa.

Mimi shule niliachia darasa la tano. Nilianza na kuuza maji na mkokoteni hapo mtaa wa Kongo, Kawangware. Leo niko na plot tatu za kukodisha hapo Kabiro, moja ni ya ghorofa. Sijigambi, nawapa picha tu. Sawa, najigamba kidogo.

Sasa mimi na mke wangu Wambui tulikuwa tunafikisha miaka ishirini ya ndoa. Nikaamua nampeleka ile hoteli ya Wataliano, ile ya zamani, ilikuwa hapo hata kabla ya uhuru. Vitambaa vyeupe, weita wamefunga tai, menyu haina picha.

Nilitaka kitu kimoja tu: Wambui aone ameolewa na mtu.

Halafu nikafanya kosa. Nikaalika Ramadhani na mke wake Hawa.

Ramadhani ni Mnubi wa Kibra, ako na nyumba za kukodisha karibu na Olympic. Ni rafiki yangu wa miaka, lakini nilimwalika ndio anione. Mtu wa kanzu na sandals, gari yake ni Probox yenye mlango mmoja unafunguliwa kutoka nje. Nikajua huyu leo atashika uma kama jembe.

Tukaingia saa saba mchana, mimi mbele, suti mpya.

Weita akanipita. Akaenda kumshika Ramadhani mkono na mikono yake miwili. "Karibu nyumbani, Mzee Ramadhani. Mama anakuja."

Nyumbani?

Mama akatokea. Mtaliano wa miaka themanini na kitu, anatembea na mkongojo, Kiswahili chake kinashinda changu. Anaitwa Mama Lina, hoteli ni yake, alirithi kwa babake. Akamkumbatia Hawa, akauliza watoto mmoja mmoja kwa jina.

"Kwani mnajuana aje?" Wambui akauliza.

Hapo ndio story ikaanza.

Wakati wa vita ya pili, babake Mama Lina aliletwa Kenya akiwa mfungwa wa vita. Askari wa kumlinda alikuwa babu ya Ramadhani, askari wa Keya, lile jeshi la mkoloni. Wakati huo Kibra ilikuwa msitu kweli, boma moja hapa, shamba la mahindi kule. Mfungwa akipelekwa kazi ya barabara, babu anampitisha kwake, anapewa gurusa, ile mikate laini ya Wanubi, na mchuzi wa bamia.

"Ikifika saa ya swala, mzee anaachia habuba bunduki," Ramadhani akasema. "Nyanya yetu. Anabaki na bunduki, sufuria na Mtaliano."

"Na baba alisema bunduki haikumtisha, ni huyo mama!" Mama Lina akamalizia.

Wambui alicheka mpaka akashika meza. Kidevu kwa mkono, macho yote kwa Ramadhani. Mimi niko hapo kando na suti yangu.

Vita ikaisha, mfungwa akaachiliwa, akafungua hiyo hoteli. Enzi ya mkoloni Mwafrika hangekalia hivyo viti, kwa hivyo babu alikuwa anatandikiwa meza jikoni, ndani kabisa. Uhuru ulipokuja, meza ikaletwa mbele. Mpaka leo hakuna mtu wa hiyo familia ameonyeshwa bili.

Wakuu, nimeonea watu wivu wa gari. Nimeonea mtu wivu wa plot ya kona. Wivu wa babu sikuwa najua uko. Ulinishika hapa kifuani kama kiungulia. Pesa niko nayo, lakini kitu kama hicho kinauzwa wapi?

"Hata babu yangu," nikasikia mdomo wangu ukisema, "alikuwa analeta mboga hapa. Kutoka Kawangware."

Wambui akanigeukia. Babu yangu hajawahi kuona Nairobi. Alizaliwa Othaya, akazikwa Othaya.

Mama Lina akashika mkono wangu. "Yule mzee wa Kawangware? Baba alimpa mbegu za kwetu! Miaka yote natafuta watu wake!" Machozi yanamtoka. "Leo hulipi. Na kuna kitu lazima ule."

Ikaletwa mboga ya hizo mbegu, inaitwa atichoki. Kitu cha kijani, kimejifunga majani kama nanasi dogo, kimechemshwa na kitunguu saumu.

"Nyumbani kwenu mlikula hii kama mahindi," akasema, akaketi kuniangalia.

Nikang'oa jani. Nikatia lote mdomoni. Nikatafuna.

Wakuu, mmewahi kutafuna kiondo? Nikameza kwa nguvu ya Mungu. Nikang'oa la pili. Uso wa Mama Lina umeanza kubadilika.

Ramadhani, bila kuniangalia, akang'oa lake. Akakwangua ile nyama ya chini na meno, ganda akaliweka kando. Polepole, ndio nione. Na hapo ndio niliungua zaidi. Hata kuniokoa, ananiokoa kiungwana.

Wambui akaweka mkono kwa bega langu.

"Mama, samahani. Babu yake hajafika hapa hata siku moja. Huyu alikuja Nairobi peke yake, na viatu vya kuazima. Wakati ananioa, mikono ilikuwa imepasuka na mkokoteni, chakula cha harusi nikamlisha mimi. Watu walifikiri ni mapenzi."

"Haikuwa?" Hawa akauliza.

"Ilikuwa zote mbili." Na akaniangalia. Sitawaambia vile aliniangalia, hiyo ni yangu.

Mama Lina alicheka mpaka akatoa leso. "Basi babu ni wewe," akaniambia. "Wajukuu wako ndio watakula bure. Wewe utalipa."

Ramadhani akaniambia, "Wacha, Baba Shiro. Kwa hii meza hakuna mtu hulipa."

Nikakataa. Nusu ilikuwa heshima, nusu ilikuwa bado ni ule wivu. Nikiona hiyo Probox Jumapili inaelekea town, bado unaniwasha.

Nilichojifunza: kazi yangu ni kukodisha, lakini babu hakodishwi. Ukikosa wa kumtaja, taja mikono yako.

Nani mwingine hapa ameshawahi kujibandika ukoo akashikwa mchana? Semeni, nisichekwe peke yangu.

Na kabla mniulize bili: Ramadhani na Hawa, sufuri. Mimi na Wambui, pamoja na ile atichoki, shilingi 11,650.