Kisanduku cha Mahali

Sijaona ndiye aliyekuwa akiandika kadi za rekodi katika kituo chetu cha taarifa za wakulima, hapa Kibiti. Nimekaa naye chumba kimoja miaka sita. Hakuna aliyeipenda kazi ile kama yeye, na hakuna aliyeumizwa nayo kama yeye.

Kazi yenyewe ni hii. Tunakwenda vijijini na simu, tunarekodi wakulima wakieleza wanavyolima, kisha sauti zinawekwa mtandaoni ili kila anayezihitaji azipate. Lakini mtambo hausikilizi sauti, unasoma kadi. Kila rekodi ina kadi yake yenye visanduku vya kujaza: zao gani, lini, lugha gani, mahali gani. Jina la msimulizi haliandikwi, anapewa namba tu, kwa kulinda watu. Ukikosea kadi, sauti ipo lakini haionekani, kama sindano iliyoangukia kwenye pumba. Wakufunzi walituonya tusiongeze kisanduku hata kimoja, kwa kuwa kadi zetu zinasomwa na mitambo ya nchi nyingine na lazima zote zifanane. Sijaona akalishika neno hilo kama msahafu. Nilikuwa nikimtania, "Dada, siku ya kiyama utamwomba malaika akuonyeshe kadi." Anacheka, anaendelea kuandika.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mwanamke aitwaye Muzdalifa. Aliolewa Ikwiriri miaka ishirini iliyopita, akawa muuza vitumbua, shamba akalisahau. Mama yake, Bi Mwanamina, alifariki Ramadhani iliyopita na kumwachia nusu debe la mbegu ya mpunga mwekundu. Nyingine zote zilikwenda na mafuriko. Mpunga ule ulikuwa ukistahimili mashamba ya Delta, ambako maji ya bahari hupanda mpaka majarubani, ila una namna yake ya kuupanda, na namna hiyo aliijua mama peke yake.

"Mama aliniambia maneno yake kawaachia nyie," alisema Muzdalifa. "Nisikilizisheni, dada zangu. Mbegu ni hiyo hiyo, sina nyingine."

Sijaona akamuuliza mama alikuwa akilima wapi. Delta, akajibu. Sijaona akaandika mpunga, akaandika Delta. Zikatoka rekodi arobaini na moja, na kwa siku mbili wakazisikiliza zote. Sauti ya Bi Mwanamina haikuwamo. Sijaona akasema labda ilipotea kabla ya kupandishwa. Muzdalifa akaaga akaenda zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilipotelea humo humo kwenye daftari.

Mwezi wa kwanza Sijaona alikuwa akipitia rekodi za Mtunda, kata ya bara isiyojua maji ya bahari. Ghafla akavua spika za masikioni, akanifungulia sauti nami nisikie. Mwanamke mzee alikuwa akieleza mpunga mwekundu na habari za bamvu, yale maji makuu yanayojaa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu.

"Bamvu la kwanza la mvua usimwage mbegu. Ngoja la pili lipite, maji yafe, yarudi baharini, mvua iwe imeshaosha ardhi. Onja maji ya mferejini. Ulimi usiposhika chumvi, ndipo umwage."

Hapo nikaelewa, na nikakasirika, wala sikujua nimkasirikie nani. Mtu wa kwetu ana mahali pawili. Ana nyumbani, palipo na makaburi ya wazee wake, na ana dungu lake huko mashambani, kibanda cha juu ya miti anakokaa miezi akifukuza ndege. Muulize anatoka wapi, atakutajia nyumbani tu, hata kama nusu ya umri wake imeishia dunguni. Sijaona naye ni mtu wa hapa hapa, anauliza hivyo na anajibiwa hivyo. Kisanduku cha mahali kilikuwa kimoja, kila mmoja akaandikiwa makaburi yake.

Akampigia Muzdalifa simu pale pale, akaweka sauti kubwa, akamsihi asimwage mbegu kwanza.

"Nilishamwaga, dada," Muzdalifa alisema. "Bamvu la kwanza. Miche imeungua na chumvi yote. Hata punje sikubakiza."

Machozi yalimtoka Sijaona, na mimi nilitamani nitoke nje.

"Lakini mama mmempata?" aliuliza Muzdalifa. "Basi niwekeeni nimsikie."

Sijaona akaisogeza simu karibu na kompyuta, akaicheza rekodi tangu mwanzo. Hatukuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Bi Mwanamina alieleza mbegu, akaeleza bamvu, akaeleza ulimi na chumvi. Kisha ikaja sauti ya kijana zaidi, ikimuuliza anatoka wapi.

"Mtunda, mwanangu. Lakini andika na Delta, maana mpunga huu Mtunda hauoti. Nikifa, mwanangu atautafuta huko."

"Hiyo haina pa kuandikwa, mama. Kisanduku cha mahali ni kimoja tu."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Rekodi ikaisha.

"Dada Sijaona," Muzdalifa akasema. "Huyo anayeuliza ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Sijaona.